Lubumbashi: Komisionere wa biro anafanya kazi gani, na nani anamlipa?

Mu mji wa Lubumbashi, mtu akitafuta biro ya kufanyia kazi, mara nyingi haanzii kwa mwenye nyumba. Anaanzia kwa komisionere. Huyo ndiye anajua ni jengo gani katikati ya mji limebaki na etaji tupu, nyumba gani ya Golf ama Makutano mwenyewe anataka kupangisha kwa kampuni, na nani mu jamaa anashika funguo. Kazi hiyo inalisha watu wengi, lakini inaleta pia mabishano: garanti inayopotea, wenye nyumba wawili kwa biro moja, komisionere anayerukwa siku ya kusaini. Basi kazi hii inatembea namna gani, na kila upande unapaswa kuchunguza nini mbele ya kutoa feza?

Nani anatafuta biro?

Haut-Katanga inaishi na migodi. Shaba na kobalti vinachimbwa Kambove, Likasi, na huko Kolwezi mu jimbo la Lualaba. Lakini kazi za makaratasi zinafanyika sana Lubumbashi: benki, avoka, kampuni za usafirishaji zinazopitisha mizigo Kasumbalesa, kampuni za ulinzi, za chakula, za kutengeneza mashine.

Tena kuko sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya kazi za sous-traitance. Sheria hiyo inaweka kazi hizo mikononi mwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Kijana anayefungua kampuni ndogo ili aingie mu kazi hizo anapaswa kuwa na anwani ya kuandika kwenye karatasi zake, na mteja anapenda kujua atamkuta wapi. Kwa hiyo watafutaji si kampuni kubwa tu. Kuko pia mtu mwenye meza moja, kompyuta moja, na kibao cha kutundika ku mlango.

Biro zenyewe ni za namna mbili. Kuko etaji za majengo ya katikati ya mji, na kuko nyumba za kuishi ambazo zimegeuzwa biro mu vitongoji vya utulivu. Bei ya etaji mara nyingi inahesabiwa kwa metre mraba moja kwa mwezi, na bei ya nyumba inatajwa jumla. Komisionere anayejua kazi anabeba metre yake na anapima mwenyewe. Mwenye nyumba akisema «ni metre 120», anaweza kuwa amehesabu na baraza, ngazi na gareji.

Kazi yenyewe

Watu wengi wanafikiri komisionere ni wa kufungua mlango tu. Kufungua mlango ndiyo sehemu fupi. Sehemu ndefu ni kuzunguka kila siku ili kujua nani anahama, kontra ya nani inaisha, jengo gani linapakwa rangi. Kisha ni kumuuliza mpangaji maswali mbele ya kumtembeza: watu wangapi watafanya kazi humo? Magari mangapi? Wateja watakuja kwa miguu? Mashine zinakula umeme kiasi gani? Mpangaji asiyeulizwa hivyo anatembezwa nyumba kumi bila kupata hata moja, na siku yake inaisha bure.

Umeme ndio swali la kwanza la Lubumbashi. Biro nzuri yenye kukosa umeme wa SNEL saa za kazi inataka jenereta, na mafuta ya jenereta yanaweza kupindua hesabu yote ya mwezi. Kwa hiyo inapaswa kujulikana: kompteri ni ya biro peke yake ao inagawanywa na wengine? Jenereta ni ya nani, na mafuta yanalipwa na nani? Maji ni ya REGIDESO ao ya foraji? Biro iko etaji ya tatu: asansere inatembea? Majibu ya maswali hayo yanapaswa kuingia mu kontra, maana neno la mdomo linasahauliwa haraka.

Komisyo inatoka wapi?

Komisionere hana mshahara. Desturi inayojulikana ni komisyo ya pango la mwezi mmoja, na inatoka siku ya kusaini. Biro ikitoka, anakula. Isipotoka, mwezi mzima wa kutembea umepotea, na kredi ya simu pia.

Tena mara nyingi hayuko peke yake. Mmoja anamjua mwenye nyumba, mwingine anamjua mpangaji, na kati yao kuko wawili waliopitisha namba ya simu. Tuchukue mfano: biro ya dola 800 kwa mwezi. Komisyo ni dola 800. Wakiwa wanne mu mnyororo na wakigawana sawasawa, kila mmoja anarudi nyumbani na dola 200. Ndiyo maana mnyororo mrefu unaongeza bei: kila mmoja anataka kuweka kitu chake juu.

Hapo ndipo jaribu la kazi hii linakaa. Komisyo inalipwa siku ya kusaini, lakini biro inaonyesha sura yake ya kweli kisha miezi miwili, mvua ikinyesha ao ndugu wa mwenye nyumba akitokea. Komisionere mwenye njaa anaweza kunyamaza juu ya paa inayovuja. Atapata komisyo moja. Lakini Lubumbashi, biro ya pili inakuja kwa mdomo wa mteja wa kwanza.

Na yeye pia anaumizwa. Mwenye nyumba na mpangaji wakiisha kujuana, wanaweza kupigiana simu usiku na kusaini bila yeye, ili komisyo isitoke. Sheria ya OHADA juu ya biashara, inayotumika Kongo tangu tarehe 12 Septemba 2012, inajua kazi ya mtu anayeunganisha pande mbili, ambaye kwa Kifaransa anaitwa courtier. Anapaswa kusimama huru kati ya pande zote, kuzipa habari zinazofaa, na ana haki ya malipo yake kama mapatano yamefika mwisho juu ya kazi aliyofanya. Lakini bila karatasi, ataonyesha nini mbele ya muamuzi? Karatasi moja inatosha: nani amemtuma, biro gani, komisyo kiasi gani, nani atalipa, na sahihi. Orodha ya watu aliowatembeza, pamoja na tarehe na sahihi zao, inasaidia pia.

Kontra ya biro si kontra ya nyumba ya kulala

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Nyumba ya kulala iko chini ya sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ambayo inakataza garanti kupita miezi mitatu. Biro ao magazini iko chini ya sheria ya OHADA juu ya upangaji wa kazi, na sheria hiyo haiweki kipimo cha garanti. Pande mbili zinapatana. Kwa hiyo mwenye biro akiomba miezi sita, mpangaji hawezi kumuonyesha sheria ya nyumba ya kulala. Anaweza kubishana bei tu.

Turudilie mfano wetu. Pango ni dola 800, garanti ya miezi sita ni 4 800, mwezi wa kwanza 800, komisyo 800. Jumla ni dola 6 400 mbele ya kununua hata kiti kimoja. Kwa kampuni ndogo, hiyo inaweza kuwa mtaji wote. Ndiyo maana hakuna kuharakisha.

Lakini sheria hiyo ya OHADA inamlinda mpangaji kwa mambo mengine, na komisionere mzuri anayaeleza mbele ya kusaini:

– Kontra ina nguvu hata kama haikuandikwa, lakini iliyoandikwa ni rahisi kuonyesha.
– Nyumba ikiuzwa ao mwenyewe akifariki, kontra haikufe. Mwenye mpya anaifuata.
– Matengenezo makubwa, sawa kuta na paa, ni ya mwenye nyumba. Matunzo ya kila siku ni ya mpangaji.
– Mpangaji aliyefanya kazi humo miaka miwili kufuatana na kontra anaweza kuomba iendelee. Kwa kontra yenye tarehe ya mwisho, aombe miezi mitatu mbele ya tarehe hiyo, kwa njia inayoonyesha kama barua imefika. Akichelewa, anapoteza haki hiyo.
– Mwenye nyumba hawezi kufunga mlango kwa kufuli lake juu ya deni. Anapaswa kutoa onyo na kungoja mwezi mmoja, kisha aende mbele ya muamuzi.

Karatasi za kuona mbele ya feza

Karatasi ya kwanza ni certificat d'enregistrement. Kufuatana na sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, ndiyo inaonyesha nani ana haki juu ya kiwanja. Haitoshi kuona fotokopi ku simu. Mtu anaenda kwa konservateri wa mahali kiwanja kinahusika na kuuliza kama jina ni lile lile, na kama hakuna deni ao kesi juu yake.

Jina likiwa la baba aliyefariki, hatari inaanza. Mtoto mmoja anaweza kusaini na kukula garanti, wadogo zake wakatokea kisha. Basi wote wasaini, ao mmoja awe na karatasi ya mamlaka kutoka kwa wote.

Kodi nayo isisahauliwe. Kodi juu ya mapato ya upangaji ni ya jimbo, na Haut-Katanga inapokelewa na DRHKAT. Mpangaji akiwa kampuni, yeye ndiye anakata sehemu ya kodi hiyo mu pango na kuipeleka, kisha anampa mwenye nyumba sehemu inayobaki. Komisionere asipolisema mbele, mwenye nyumba anaona feza imepunguka na kufikiri ameibiwa. Bei inapaswa kutajwa wazi: ni pamoja na kodi, ao bila kodi?

Garanti ilipwe kwa benki, ao kwa risiti yenye jina kamili na sahihi ya mwenye nyumba mwenyewe, si mikononi mwa komisionere. Siku ya kupokea funguo, pande mbili zipite mu kila chumba, ziandike hali ya milango, taa na kompteri, na kupiga picha. Bila hiyo, siku ya kutoka kila ufa wa zamani utahesabiwa ndani ya garanti. Mabishano yakikatala kuisha kati ya watu, tribunal ya biashara ya Lubumbashi iko, na huko karatasi hiyo ndiyo itasema.