Kivuko kiseme na mguu, sikio na mkono

Tarehe 18 Machi 1967, katika mji wa Okayama nchini Japani, vigae vyenye vinundu viliwekwa kwa mara ya kwanza kwenye kivuko cha barabara, karibu na shule ya wasioona. Mvumbuzi wake, Seiichi Miyake, alikuwa amevibuni mwaka 1965. Asiyeona akivikanyaga, unyayo humwambia asimame, mbele kuna magari.

Vigae hivyo vimeenea duniani kwa kuwa vinaonyesha barabara inapoanzia. Hata hivyo, mvukaji anahitaji pia kujua avuke lini na avuke upande upi. Huko Japani, taa nyingi za kuvukia zenye sauti hutoa milio ya ndege wawili tofauti, mmoja kwa barabara hii na mwingine kwa ile inayoikata.

Na kiziwi asiyeona je? Nchini Uingereza, chini ya kisanduku chenye kitufe cha kuombea kuvuka, huwekwa kidude kidogo chenye umbo la pia. Taa ya kijani ya waenda kwa miguu ikiwaka, kidude huzunguka, na vidole vilivyokishika vinajua kuwa zamu imefika.

Kwetu Afrika Mashariki, vivuko vingi ni mistari myeupe tu, nayo ni lugha ya macho. Mwenye fimbo nyeupe hubaki akisikiliza kama magari yamesimama, huku muziki wa daladala na honi za bodaboda zikimziba masikio. Pikipiki za umeme zikiongezeka, hata mngurumo aliouzoea unapotea. Kiziwi naye yuko hatarini kwa namna nyingine: dereva anayepiga honi badala ya kukanyaga breki anamtahadharisha mtu asiyeweza kumsikia.

Hili ni suala la haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 unazitaja barabara waziwazi katika kifungu cha 9, na Kenya na Tanzania zimeuridhia. Kwa hiyo vinundu, mlio na kidude cha kushika viingie kwenye bajeti ya barabara tangu mwanzo. Wahandisi nao wawaite wasioona, viziwi na viziwi wasioona ramani ikiwa bado mezani, wakati maoni yao yanaweza kubadilisha kitu, wasingoje siku ya kukata utepe.