Karata Mezani, Siri Mfukoni

Unataka kujua kama wewe na mwenzi wako mnaaminiana? Acheni kwanza hoteli za ufukweni. Kaeni mkekani, mchanganye karata!

Desemba iliyopita tulishuka Nyashimo, pale kwenye barabara ya Mwanza–Musoma, mimi na waifu hatusemeshani. Ishu? Alikuta karatasi ya mkopo kwenye mfuko wa shati langu. Milioni mbili, nimemkopea rafiki, na yeye sikumwambia. Safari nzima akawa anaangalia dirishani.

Baba ni mtu mzima, akatusoma mapema. Baada ya ugali na sato, mama akaleta michembe na chai, mzee akatoa karata. "Mkamwana, wewe na mumeo. Mimi na mama yenu."

Mchezo wenyewe

Albastini ya nyumbani kwetu iko hivi. Mnatoa 2, 8, 9 na 10, zinabaki karata 36, kila mtu 9. Wenza wanakaa wakitazamana. Ree ina pointi 11, saba 10. Mfalme, ambaye baba bado anamwita kizee "mzungu wa nne", ana 4, mzungu wa tatu, yaani jeki, 3, malkia 2. Nyingine ni makapi, hazina kitu. Jumla ni 120, kwa hiyo mwenye 61 kashinda. Kila mtu anafuata aina iliyotangulia, asiyekuwa nayo anaweza kukata kwa turufu. Hata majina ya aina zenyewe, kopa, shupaza, uru na pau, yaliletwa Pwani na Wareno.

Noma ni spidi. Kwetu ukichelewa kutupa, unazomewa. Na hesabu inapigwa kichwani, hakuna kalamu. Baba aliuza pamba na dagaa miaka mingi. Ukigeuza karata zako, yeye jumla anayo tayari.

Saba niliyoificha

Turufu ilikuwa uru. Zimebaki karata mbili mbili mkononi. Mama akatupa saba ya kopa, waifu akafuata na tatu, baba akamwongezea mama mfalme wa pau. Pointi 14 zimelala mkekani, na mimi ndiye wa mwisho. Sina kopa, ila nina saba ya uru. Kukata tu!

Sikukata. Nikaamini ree ya uru imeshapita, nikaibana saba yangu nifunge mchezo kwa mbwembwe. Nikatupa kapi. Mkono wa mwisho baba akaishusha ree ya uru taratibu, ikaimeza saba yangu.

"Mna 45," mzee akasema hata kabla hatujahesabu. "Ungekata, 24 zingekuwa zenu. Mngekuwa na 69."

Waifu akanitazama. "Hata karata unanificha."

Hakuna aliyecheka. Baba akainama, akachanganya karata muda mrefu kuliko kawaida.

Hesabu ya usiku

Usiku ule tulikaa nje, upepo wa ziwa unavuma. Nikamweleza yote: kiasi, makato ya kila mwezi, na kwamba rafiki mwenyewe hapokei simu. Kiukweli niliogopa kuonekana mjinga. Akanyamaza, kisha akauliza, "Imebaki ngapi?" Tukapiga hesabu kichwani, kama mkekani. Miezi 7. Kumbe mshahara wake ungesaidia tangu mwanzo, ila mimi niliibana saba.

Hakunisamehe siku hiyo, nisikudanganye. Lakini kesho yake asubuhi, baada ya kuamkia wazee, ni yeye aliyeomba karata. Tulishinda, 66 kwa 54.

Jaribuni nyumbani

• Simu zote mbali na mkeka.
• Msipeane ishara. Mwenzako msome kwa anachotupa.
• Aliyekosea asisemwe mbele ya wageni.
• Mkimaliza, kila mmoja ataje "saba" moja aliyoificha. Anza wewe.