Tahajia ya Vitenzi vya Kiingereza Vinapoambishwa: Kanuni na Mantiki Yake

1.0 Utangulizi

Kwa mwanafunzi aliyezoea othografia ya Kiswahili, ambamo herufi hufuata sauti kwa karibu sana, tahajia ya vitenzi vya Kiingereza huonekana kuwa rundo la kanuni zisizo na mantiki. Makala haya yanadai kwamba sivyo. Yanakusudia kuonyesha kuwa kanuni kuu za kuongeza viambishi tamati -ing na -ed hulinda usomaji wa shina, na kwamba baadhi ya makosa ya wazungumzaji wa Kiswahili katika uwanja huu chanzo chake ni fonolojia, si uzembe.

2.0 Kulinda Irabu ya Shina

Tuchukue vitenzi hope 'tumaini' na hop 'ruka kwa mguu mmoja'. Herufi e katika hope haitamkwi; kazi yake ni kumwarifu msomaji kwamba irabu iliyotangulia ni ile iitwayo ndefu. Kiambishi -ing kinapoongezwa, e hudondoshwa kwa kuwa i ya kiambishi huichukulia kazi hiyo: hoping. Kwa upande mwingine, hop ina irabu fupi. Ili irabu hiyo isisomwe kama ndefu, konsonanti huandikwa mara mbili: hopping. Ikumbukwe kwamba p ya pili haina sauti yake. Ni alama ya irabu tu. Ndiyo maana urudufishaji hauhitajiki pale irabu inapoandikwa kwa herufi mbili (rain, raining) au shina linapoishia kwa konsonanti mbili (help, helping).

Mantiki kama hiyo inaeleza mengine. Panic huongezwa k, panicking, ili c isisomwe kama s. Singe 'unguza kidogo' huhifadhi e katika singeing ili neno lisichanganywe na singing 'kuimba'. Y inayofuata konsonanti hugeuka i mbele ya -ed (carry, carried) lakini hubaki mbele ya -ing (carrying), kwani Kiingereza kwa kawaida hukwepa kuandika i mbili mfululizo.

3.0 Nafasi ya Mkazo

Shina likiwa na silabi zaidi ya moja, konsonanti hurudufishwa iwapo mkazo uko kwenye silabi ya mwisho: prefer, preferred; occur, occurred. Mkazo ukiwa mwanzoni, hairudufishwi: visit, visited, offer, offered. Uingereza hukiuka kanuni hii kwa herufi l, travelled. Marekani huizingatia, traveled, msimamo uliotetewa na Noah Webster, ambaye kamusi yake kubwa ilichapishwa mwaka 1828.

4.0 Mzungumzaji wa Kiswahili

Katika Kiswahili, kiambishi ndicho kinachobadilika kwa kufuata irabu ya mzizi, na badiliko hilo husikika: pika, pikia, soma, somea. Katika Kiingereza -ing haibadiliki. Shina ndilo linalobadilika kimaandishi, ilhali matamshi yake yanabaki yale yale. Mwanafunzi anayetegemea sikio hana budi kupotea.

Tatizo linazidishwa na mambo mawili. Kwanza, Kiswahili kina irabu tano tu. Anayetamka hoping na hopping kwa o moja ataiona p ya pili kuwa pambo. Pili, mkazo wa Kiswahili huangukia takriban daima silabi ya pili kutoka mwisho. Anayeuhamishia mkazo huo kwenye prefer ataitamka sawa na offer. Akiandika prefered, kwa hakika ameitumia kanuni sawasawa juu ya matamshi yasiyo sahihi. Ni kweli kwamba wazawa wa Kiingereza nao hukosea hapa, lakini wao mkazo wanao tayari.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kanuni hizi ni za usomaji kabla ya kuwa za uandishi. Inafuata kwamba kumpa mwanafunzi orodha ya maneno ya kukariri hakutoshi. Mwalimu aanze na irabu na mkazo, kisha aingie kwenye tahajia. Na anaposahihisha, achunguze kwanza jinsi mwanafunzi anavyolitamka neno. Wino mwekundu peke yake hausahihishi kosa lililoanzia mdomoni.