Gari otomatiki inakataa kubadilisha vitesi: pima mbele ya kununua bwati ingine

Mu Bukavu, gari nyingi zinazotembea ni za okazio. Zimetoka Japani, ziko na miaka makumi mawili na zaidi, na nyingi kati yao ziko na bwati otomatiki. Siku bwati inaanza kusumbua, mwenye gari anasikia jibu moja tu: « Bwati imekufa, tafuta ingine. » Wakati mwingine ni kweli. Lakini inatokea pia kama pane iko pahali pengine: mafuta yamepunguka, kabo imelegea, kapteri imeharibika ao waya imekatika. Mtu akinunua bwati juu ya waya iliyokatika, feza yake imepotea, na ile bwati ingine itasumbua vile vile.

Bwati otomatiki inafanya kazi namna gani?

Kwa gari ya vitesi vya mkono, shofere njo anakanyaga embreyaji. Kwa otomatiki, mafuta njo yanafanya ile kazi. Ndani ya bwati kuko pompe inayozungushwa na moteri. Inasukuma mafuta kwa nguvu, na mafuta hayo yanabana disiki ambazo zinaingiza kila vitesi. Kwa gari nyingi kuanzia miaka ya 1990, kalkilateri inaangalia mwendo wa gari na namna unakanyaga akselerateri, kisha inafungua na kufunga elektrovani ndogo ili mafuta yaende pahali panapofaa.

Kwa hiyo pane inatoka pahali tatu: mafuta, umeme, ao vyuma na disiki zenyewe. Tunaanza na ile ya bei ndogo.

Kwanza, mafuta

Simamisha gari pahali pa sawasawa, si kwenye mteremko. Moteri iwe imekwisha kupata moto kwa kutembea. Kanyaga freni, pitisha levye polepole kutoka P mpaka L, kisha rudisha kwa P. Acha moteri inawaka. Vuta kijiti cha kupimia, kipanguse na kitambaa kisafi, kirudishe, vuta tena. Mafuta inapashwa kufika kwenye alama ya moto. Usisome alama ya baridi. Kuko gari ambazo hazina kile kijiti. Hizo, fundi anapima chini ya gari.

Kisha angalia rangi na usikie harufu:

– Nyekundu ao nyekundu iliyofifia kidogo: ni muzuri.
– Kahawia ao nyeusi, na harufu ya kuungua: disiki zimeanza kuungua. Kubadilisha mafuta kunaweza kusaidia kidogo, lakini disiki iliyoungua haiponi.
– Kama maziwa ya rangi ya waridi: maji ya radiateri yameingia mu bwati. Zima gari, usitembeze tena. Kila kilomita inazidisha hasara.

Kama mafuta yamepunguka, hayakupotea hewani. Weka karatoni chini ya gari usiku: tone jekundu linaonyesha kama inavuja. Angalia pia karteri ya bwati. Kwa barabara zetu za mawe, karteri inapigwa na kuingia ndani, inakaribia filtri, na mafuta hayapandi tena vizuri.

Usiongeze mafuta yoyote unayokuta sokoni. Toyota nyingi za zamani zinatumia Dexron. Zingine zinaomba T-IV. Kuko pia gari, kama Vitz kadhaa za miaka ya 2000, ambazo bwati yao inatumia mkaba wa chuma na iko na mafuta yake ya pekee. Ukikosea hapo, unaiua. Na usijaze kupita alama: mafuta ikizidi inafanya povu, na povu haina nguvu ya kubana disiki.

Gari inakuambia nini?

Unatia D, gari inangojea mbele ya kushika. Hesabu: kwa Toyota nyingi, kutoka N kwenda D inapashwa kushika kisha sekunde moja hivi, na kwa R haipite sana sekunde moja na nusu. Ikikawia zaidi, nguvu ya mafuta ni kidogo ao disiki zimekwisha.

Moteri inapiga kelele lakini gari haiongezi mwendo, zaidi sana kwenye mlima. Hapo disiki zinateleza. Pima mafuta siku ile ile, usingoje juma.

Vitesi inaingia kwa kupiga teke. Inaweza kuwa elektrovani, ao ile kabo inayotoka kwa akselerateri kwenda kwa bwati, kwa gari ambazo ziko nayo. Kabo ikilegea ao ikikazwa sana, vitesi vinabadilika kwa saa mbaya. Kuirekebisha ni kazi ndogo.

Gari inabakia mu vitesi moja tu. Mara nyingi ni umeme: kalkilateri imeona kosa na inajilinda.

Taa ya O/D OFF

Kwa Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuko taa hii mbele ya shofere. Ikiwaka bila kupepesa, si pane: mtu amebonyeza kitufe cha kwenye levye, na gari haitaingia vitesi ya ine. Kibonyeze tena. Kuko watu walilipa fundi juu ya kitufe hicho.

Lakini ikipepesa yenyewe wakati unatembea, kalkilateri imeandika kosa. Elektrisie anaweza kuunganisha TE1 na E1 mu kisanduku kidogo chini ya kapo, kontakte ikiwa imefunguliwa na moteri imezimika, kisha anahesabu taa inapepesa mara ngapi. 42 na 61 ni kapteri za mwendo. 62 na 63 ni elektrovani za kubadilisha vitesi. 64 ni ile ya kufunga turbini. Muombe akuonyeshe hesabu wewe mwenyewe, mbele ya kukubali kufungua bwati. Na kosa la elektrovani linaweza kuwa waya yake tu. Anapima waya kwanza.

Pane ambayo haiko ya bwati

Mafundi wengi wanatoa termostati ili moteri isipate moto. Matokeo: moteri inabakia baridi, na kalkilateri inakataa vitesi ya ine kwa sababu inangojea joto. Mwenye gari anasema bwati imekufa, kumbe inakosa termostati tu. Vile vile, moteri inayotetemeka juu ya buji mbaya inaweza kufanya ufikiri kama bwati njo inatetemeka.

Mambo yanayoua bwati

Kuteremka mlima mu N ili kuchunga esanse: freni zinabakia peke yake, na ziki­pata moto sana zinaacha. Teremka na 2 ao L, moteri isaidie kushika gari.

Kutia R wakati gari ingali inaenda mbele. Simama kabisa kwanza.

Kuvuta gari na kamba safari ndefu. Moteri ikizimika pompe haizunguki, kwa hiyo vyuma vinazunguka bila mafuta. Inafaa magurudumu yanayosukuma gari yanyanyuliwe. Ni kwa sababu hiyo pia kuisukuma ili iwake ni kuchoka bure.

Kisha kupima yote hiyo, kama mafuta imeungua na gari inateleza kwa vitesi vyote, ndiyo, bwati imekwisha. Lakini sasa unalipa ukijua unalipia nini.