Kiriba Kipya Mgongoni: Kuchagua Shanta la Maji Katika Nchi ya Chai

Matembezi ya Nyanda za Juu – Sehemu ya Tatu

Katika makala mbili zilizotangulia tulizungumzia viatu, kisha koti la mvua. Leo tunafikia mzigo ambao watembezi wengi wa Kericho na Bomet huupuuza, nao ni maji pamoja na chombo cha kuyabebea.

Sababu ya kuupuuza ni hali ya hewa yetu. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi umande umelala juu ya michai na ubaridi unapenya sweta. Alasiri mawingu hujikusanya na mara nyingi hushusha mvua. Nani atakumbuka kiu katika nchi kama hii? Lakini anayepanda kilima hutoka jasho hata kwenye baridi, na upepo hulikausha kabla hajalihisi. Kila pumzi anayoitoa nayo huondoka na unyevu wake. Tena jua la huku, ingawa halina joto la Mombasa, lina miale mikali zaidi, kwani kwa kila mita 1,000 unazopanda, nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mtu hufika kileleni kichwa kikimgonga, akadhani ni baridi imemwingia, kumbe mwili umepungukiwa maji.

Chombo ninachokizungumzia ni shanta lenye mfuko laini wa maji ndani yake, na mrija unaopita juu ya bega hadi karibu na mdomo, ili mtu anywe bila kusimama wala kushusha mzigo. Mfuko huo nitauita kiriba. Neno hilo Kiswahili kilikuwa nalo kabla plastiki haijazaliwa: kiriba ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji safarini, na wasomaji wa Injili wanaukumbuka kwa mfano wa divai mpya. Leo ngozi imegeuka plastiki na mrija umeongezwa. Aliyeuongeza ni Michael Eidson, mhudumu wa gari la wagonjwa huko Texas, Marekani. Mwaka 1988 alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya baiskeli ya maili 100 mjini Wichita Falls, mashindano yanayofanyika kwenye joto kali la Agosti. Alichukua mfuko wa dripu, akaujaza maji, akautia ndani ya soksi ndefu, akaufunga mgongoni mwa fulana yake, na mrija akaubana begani kwa kibanio cha nguo. Kutokana na mfuko ule wa hospitali ikazaliwa kampuni ya CamelBak, na baada yake watengenezaji wengine wengi.

Sotet la kogo

Muuzaji atakuonyesha kwanza rangi, mifuko na zipu. Mwache amalize, kisha muulize swali moja: ndani ya kiriba hiki mkono wangu unafika wapi?

Swali hilo sikulipata vitabuni. Nililipata jikoni kwa nyanya yangu, ambaye sisi Wakipsigis humwita kogo. Yeye alikuwa na sotet, kibuyu cha kugandishia mursik, yaani maziwa yetu ya mgando, na kabla ya kutia maziwa alikuwa na desturi asiyoikatisha. Alikisugua ndani kwa sosiot, ufagio mwembamba wa mti wa mtende, kwa kuwa shingo ya kibuyu haipitishi mkono. Alikisuuza, akakikausha, kisha akakipaka ndani mkaa wa mti uitwao senetwet. Kabla ya hapo alikielekeza kwenye mwanga wa mlango, akachungulia, kisha akanusa. Kama pua ilikataa, alianza upya. Hakuna mgeni aliyewahi kunywa kutoka chombo ambacho pua ya kogo haijakipitisha.

Mimi nililisahau somo hilo siku nilipomnunulia mpwa wangu shanta lake la kwanza. Lilikuwa zuri, jepesi, na kiriba chake kilikuwa na tundu dogo la kifuniko, kidole kimoja tu kinaingia. Baada ya matembezi matatu tulipanda Motigo, kilima kilicho juu ya hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet. Nusu ya njia akavuta maji, akayatema.

"Mjomba, maji haya yananuka kama nguo iliyolala mvuani."

Nikauchomoa mrija, nikauinua kuelekea jua. Ndani yake, kuanzia kwenye koki hadi kiasi cha shibiri moja, kulikuwa na madoa meusi ya kuvu, madogo kama punje za ulezi. Tukamwaga maji yake yote, tukashuka tukigawana lita moja iliyobaki kwangu. Chini tulisikia maporomoko ya mto Nyangores, maji yale yale yanayozalisha umeme wa hospitali, yakivuma kwa wingi wakati midomo yetu imekauka.

Basi hicho ndicho kipimo cha kwanza, na kwangu kinapita vyote: nunua kiriba ambacho mdomo wake unafunguka upana wa kupitisha ngumi yako, kiasi kwamba vidole vinafika kwenye kona za chini. Vipo ambavyo sehemu ya juu yote hufunguka na kubanwa kwa kipande cha plastiki kinachoteleza. Hivyo ni rahisi zaidi kuosha na kukausha. Mrija uchomoke pande zote mbili, na koki ya kunyonyea ifunguke. Usichoweza kukifikia huwezi kukisafisha, na katika unyevu wa Kericho, ambako hata sare ya shule huchukua siku mbili kukauka, kisichokaushwa huota kuvu.

Lita ngapi?

Kwa mwendo wa kawaida katika ubaridi wetu, hesabu ya kuanzia ni nusu lita kwa kila saa ya kutembea. Jua likiwaka au mpando ukiwa mkali, ongeza. Kwa mzunguko mfupi wa Chagaik, bustani ya miti iliyo kando ya bwawa nje ya mji wa Kericho, lita moja inatosha, na kwa kweli chupa imara ya kujaza tena inatosha pia. Huhitaji kutumia fedha kwa shanta maalumu. Kwa nusu siku ya Motigo, chukua lita 2. Kwa siku nzima ya Mlima Londiani, unaokaribia mita 3,000, chukua 3. Anayenunua kimoja cha kutumia kote na anunue cha lita 3, kwani unaweza kukijaza nusu, lakini kidogo hakitanuki.

Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 3, koti la mvua, sweta, chakula na dawa za huduma ya kwanza vinakaribia kilo 6, ambazo kwa mtu wa kilo 60 ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Uzito huo ubebe kwa mpango. Watazame wachumaji chai wanaporudi kituo cha kupimia na vikapu vimejaa: kikapu kinachoning'inia mbali na mgongo humvuta mtu nyuma, na kinachogusana na mgongo hutembea naye. Shanta nalo ni hivyo. Kiriba kiwe na mfuko wake upande wa mgongoni kabisa, kining'inizwe kwa ndoano ili maji yasizame chini kadiri yanavyopungua.

Kupima urefu, inamisha kichwa upate kifupa kinachojitokeza chini ya shingo; kutoka hapo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga ndio urefu wa mgongo wako, na shanta lifuate urefu huo, si kimo chako. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya nyonga, usibane tumbo. Mkanda wa kifuani uweze kupandishwa na kushushwa, jambo ambalo wanawake hasa wanapaswa kulijaribu kabla ya kulipa. Wenye duka wengi hawatakuruhusu kujaza maji. Nenda na pakiti ya unga ya kilo 2, itie mahali pa kiriba, uvae, utembee, uiname, upande ngazi. Pakiti hiyo ni sawa na lita 2, na ndani ya dakika 10 mabega yatakueleza ukweli.

Nafasi ya vitu vingine isipungue lita 15. Mashanta membamba ya wakimbiaji ni mazuri, lakini hayabebi koti na sweta, na katika nchi ambayo asubuhi ina jua na saa nane mchana ina mvua ya mawe, huwezi kuviacha nyumbani.

Mtumba na mpya

Katika soko la mitumba hupatikana mashanta imara kwa bei nafuu. Nunua shanta, usinunue kiriba kilichotumika, maana hujui kilibeba nini wala kilikaa wapi. Kiriba kinunue kipya. Unapokagua shanta la mtumba, pitisha kiganja ndani: utando ukinata au ukibanduka kama ngozi iliyoungua, liache, kwa maana utando huo ukianza kuoza hautengenezeki. Vuta mishono ya mikanda kwa nguvu, kisha fungua na kufunga kila zipu.

Kiriba kipya kijaze maji, ukifunge, ukilaze juu ya gazeti kavu usiku kucha, na juu yake uweke kitabu kizito. Asubuhi gazeti likiwa na doa, kirudishe dukani. Kinachovuja mgongoni kitalowesha sweta, na sweta bichi kileleni, upepo ukivuma, ni hatari kuliko kiu. Koki nayo iwe na kizuizi cha kufunga kabisa, na kifuniko, kwa sababu barabara za mashambani mwetu zina tope na vumbi jekundu.

Maji yenyewe

Tumezungukwa na vijito, na wageni huuliza kwa nini wabebe maji. Msitu wa Mau hulisha mito mingi, lakini kijito kinachopita kati ya mashamba kimepitia malisho ya ng'ombe, vyoo na michai inayowekwa mbolea. Kuchemsha na dawa ya klorini huua vijidudu vingi. Haviondoi mbolea iliyoyeyuka. Jaza maji nyumbani. Ukiwa juu ya mita 2,000, maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, kwa hiyo yaache yatokote dakika 3 badala ya moja. Yapoe kabisa kabla ya kuyamimina, kwa sababu viriba vingi haviwezi kustahimili maji ya moto.

Usitie chai ya maziwa, usitie sharubati, usitie kitu chochote chenye sukari. Najua katika nchi ya chai agizo hilo ni gumu. Chai ibebe kwenye thamosi.

Ipo pia hatari ya upande wa pili. Mrija ukiwa karibu na mdomo, mtu anaweza kunyonya mfululizo bila kiu, na maji yakizidi sana chumvi ya damu hushuka. Baada ya mbio za Boston za 2002, wataalamu walipima damu ya wakimbiaji 488, na asilimia 13 kati yao walikutwa na upungufu huo wa chumvi; kunywa kupita kiasi kulikuwa miongoni mwa sababu. Kunywa mafunda madogo kiu inapokuita, na ubebe karanga zenye chumvi, mayai ya kuchemsha au viazi vitamu. Kwa kuwa kiriba kimefichwa na huoni kilichobaki, simama katikati ya njia, ukishike, ukipime kwa mkono.

Liko pia jambo la sheria. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, chupa za maji zikiwemo, zimepigwa marufuku katika mbuga, fuo, misitu na maeneo mengine ya hifadhi nchini Kenya. Anayeingia msitu wa hifadhi na chupa ya dukani anavunja sheria. Kiriba kinachojazwa tena na tena kinaitimiza, na vilevile kinauheshimu msitu unaotupa maji hayo.

Baada ya safari

Jioni, kabla ya kuvua viatu, mwaga maji yaliyobaki. Osha kiriba kwa maji ya uvuguvugu na kijiko cha magadi ya kuokea, pitisha brashi nyembamba ndani ya mrija, suuza, kisha kitundike kikiwa wazi, kikiwa kimetanuliwa kwa kijiti safi. Usikiweke juu ya moshi. Moshi ni tiba ya kibuyu, ni sumu ya ladha ya plastiki. Mwenye friji na akigandishe kikiwa kitupu, kwa kuwa kuvu haioti kwenye barafu.

Mpwa wangu sasa ana kiriba chenye mdomo mpana. Kabla ya kila safari hukifungua, hukielekeza kwenye mwanga wa mlango, hutia pua ndani, na hunyamaza kidogo. Kogo hakuwahi kumwona binti huyu, wala binti hakuwahi kuona sotet lake. Mimi huwa nasimama nyuma yake nikingoja hukumu ya pua, kisha ndipo tunajaza maji.

Wiki ijayo: kuzisoma dalili za mawingu ya alasiri, mvua ya mawe na radi kati ya Kericho na Bomet.