UPANDE UPI WA UWANJA NI WAKO?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo:

Wanafunzi wapendwa, kila timu yetu inapojiandaa kwenda kucheza na wenzetu wa Kibondo, au wao wanapokuja huku kwetu Kasulu, jambo moja huleta ugomvi kuliko hata jezi: nani acheze upande gani. Kila mmoja anataka namba 7, upande wa kulia. Namba 11 na beki 3 za kushoto hupewa aliyechelewa kufika, au mdogo asiyeweza kubisha. Katika makala hii nitaeleza namna ya kuchagua upande kwa akili na si kwa ubishi. Lakini kwanza nianze na kosa langu mwenyewe.

KISA CHA GOLI TUPU

Yupo mwanafunzi wetu mmoja mwenye mashoto. Alipoanza madrasa nilimkemea mbele ya wenzake kwa kuandika kwa mkono wa kushoto, nikidhani ninamfundisha adabu. Miezi ilipita. Siku moja, katika mechi na vijana wa Kibondo, alipata mpira upande wa kushoto, goli likiwa tupu mbele yake. Badala ya kupiga, aligeuza mwili mzima ili atumie mguu wa kulia. Beki akamfikia, mpira ukapotea, tukafungwa goli moja kwa bila.

Nilipomwuliza kwa nini hakupiga, alijibu kwa sauti ya chini: "Ustadhi, si ulisema kushoto ni vibaya?" Sikuwa na la kusema. Jumamosi iliyofuata nilimwomba radhi mbele ya wenzake walewale waliosikia nikimkemea.

KULIA NA KUSHOTO KATIKA DINI YETU

Tusichanganye mambo. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alipenda kuanza kwa kulia katika kuvaa viatu, kuchana nywele na kujitwaharisha, na katika mambo yake yote. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Tumeamrishwa pia kula na kunywa kwa mkono wa kulia. Imamu Nawawi ameeleza kuwa kulia hutangulizwa katika mambo ya heshima. Hiyo ni adabu, na tuishike.

Lakini kupiga mpira si kula wala si kuingia msikitini. Mguu wenye nguvu ni maumbile, na maumbile ni ya Allah. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) amesimuliwa katika sira kuwa alikuwa akifanya kazi kwa mikono yote miwili kwa nguvu sawa, wala hakuna aliyemwona mpungufu. Basi enyi wazazi, mtoto wa mashoto afundishwe kula kwa kulia kwa upole, na wala asiaibishwe kwa jinsi alivyoumbwa.

SASA, NAMNA YA KUCHAGUA

1. Ujue mguu wako

Usiseme tu "mimi ni wa kulia" kwa kuwa wengi ni wa kulia. Mwombe mwenzako akurushie mpira ghafla mara 10, uangalie ni mguu gani unaotangulia kuupokea bila wewe kufikiri. Kisha piga ukutani mara 10 kwa kila mguu na uhesabu ngapi zimefika ulipokusudia.

2. Uijue kazi ya upande

Kwa beki wa pembeni, ni vyema mguu ulingane na upande. Beki 3 mwenye mguu wa kushoto huondoa mpira kwa kuupeleka nje, kandokando ya mstari. Mwenye mguu wa kulia akiwekwa hapo, mara nyingi hulazimika kuugeuzia mpira ndani, mbele ya goli lake, ambako ndiko wanakosubiri wapinzani. Ndiyo maana Mohamed Hussein "Tshabalala", mchezaji wa mguu wa kushoto, alishika beki ya kushoto ya Simba kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Yanga mwaka 2025, wakati upande wa pili Simba ilimtegemea Shomari Kapombe.

Kwa winga mambo ni tofauti, kwani zipo njia mbili. Winga ambaye mguu wake unalingana na upande hukimbia hadi karibu na kibendera cha kona na kupiga krosi bila kusimama. Winga wa mguu wa kinyume huingia ndani, na anapoingia mpira uko kwenye mguu wake wenye nguvu na goli zima liko mbele ya macho yake. Hasara yake ni kwamba akifika mwisho wa uwanja hulazimika kusimama na kuurudisha mpira kwenye mguu wake, na beki hupata muda wa kujipanga. Kwa hiyo jiulize: mimi ni mpigaji wa krosi au mfungaji?

3. Umjue mwenzako

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Upande hauchaguliwi na mtu mmoja. Winga akiingia ndani, beki wa nyuma yake ndiye atakayepita nje kuijaza nafasi. Wakiwa wote wawili wanapenda kushambulia tu, nyuma yao hubaki shimo.

Tazameni mfano wa Waislamu wawili maarufu. Sadio Mane alijiunga na Liverpool mwaka 2016, akacheza msimu wa kwanza upande wa kulia na kung'ara. Mwaka 2017 akaja Mohamed Salah, mwenye mguu wa kushoto, ambaye hatari yake iko kulia. Mane akahamia kushoto. Je, alipungukiwa? Msimu wa 2018/19 Salah na Mane walifunga magoli 22 kila mmoja katika ligi ya Uingereza, wakawa wafungaji bora pamoja na Aubameyang wa Arsenal, na mwaka huohuo Liverpool ikatwaa ubingwa wa Ulaya. Aliyempisha mwenzake hakukosa riziki yake.

4. Uujue uwanja

Viwanja vyetu vya milimani si zulia. Vingi vimeinama, na mvua za masika zikinyesha, udongo mwekundu hushika upande wa chini na kuwa tope. Mpira nao huteremka upande huohuo. Timu zinapobadilishana magoli baada ya mapumziko, winga wa kushoto aliyekuwa chini hujikuta juu. Basi nahodha aangalie mapema: upande wa chini apangwe mwenye nguvu za kupambana kwenye tope, na wa juu mwenye mbio. Kubadilishana winga wakati wa mapumziko si aibu.

UKISHAPEWA, USIUACHE

La mwisho ndilo kubwa. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima chini ya Abdallah bin Jubayr (r.a.) na kuwaamuru wasiondoke. Wengi wao walipoona ushindi umefika waliteremka kuwahi ngawira, na Waislamu wakapata msiba mzito. Mpira ni mchezo tu na haulinganishwi na jihadi ile, lakini somo ni moja: mahali palipoachwa wazi ndipo adui anapopita.

Yule mwanafunzi wetu sasa anacheza beki 3. Bado hajafunga goli hata moja. Lakini anapiga mpira kwa mguu wake wa kushoto bila kunitazama kwanza, na hilo kwangu linatosha.

Chagueni vizuri, mpishane kwa upendo, na mechi imalizike kabla ya adhana ya Magharibi.

Wabillahi tawfiq.