Deni la Maziwa ya Eda

Mwezi wa Desemba uliopita tuliwachukua wanetu watatu na mama yao, tukapanda treni ya asubuhi kutoka Miritini kwenda Nairobi, na siku ya pili yake tukaingia basi la Eldoret. Majirani zetu wa Mombasa walistaajabu. Desemba watu wa bara ndio washukao pwani. Sisi twapanda bara kutafuta nini? Wako waliosema kwa mzaha kwamba shehe amekimbia joto. Hatukuwajibu, kwa kuwa jawabu lake lilikuwa na aibu kidogo. Leo twalieleza hapa, kwani twadhani nyumba nyingi zina jambo la namna hii lililolazwa kiporo.

Mama wa watoto wetu alizaliwa na kulelewa Eldoret. Baba yake, Allah amrehemu, alikuwa mtu wa Mombasa aliyeajiriwa katika reli, karani wa mizigo, akahamishiwa huko ujanani mwake. Alifariki mwaka 1989, akazikwa huko huko siku ile ile. Mkwe wetu alikaa eda katika nyumba ile ile ya reli, kisha akafunga mizigo akarejea pwani na watoto wanne. Mama watoto alikuwa na umri wa miaka 15. Tulipooana, miaka minane baadaye, alikuwa amekwisha kuwa mtu wa Mombasa kwa kila hali, isipokuwa alipenda chai ya maziwa matupu, na hadi leo hujifunika blanketi hata mwezi wa Machi. Tulikuwa tukimcheka kwa hilo la blanketi. Kumwuliza habari za huko alikotoka, hatukumwuliza sana.

Mkwe wetu alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho, mwaka 2019, alimwita binti yake akamwambia maneno machache: "Maziwa ya eda sikuyalipa." Akaeleza. Jirani yake wa Eldoret, mwanamke wa Kikeiyo, Mkristo, ambaye mumewe alikuwa fundi wa reli, alifuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba na akiuza maziwa kwa majirani. Watoto wakimwita Mama Maziwa. Siku zote za eda alileta chupa moja ya Treetop iliyojaa maziwa kila jioni, akaiweka mlangoni. Tena alimwendea mjane sokoni, akamletea mkaa, akampeleka mtoto mdogo zahanati. (Sheria humruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja yake, lakini mkwe wetu alikuwa mtu wa hadhari, naye hakutoka.) Walikubaliana kwamba maziwa yatalipwa fedha za mafao zikitoka. Fedha zilichelewa, nyumba ikatakiwa, nao wakaondoka kwa haraka. Miaka ikapita juu ya miaka.

Sisi ni watu tunaosomesha vijana fiqhi. Twawafundisha habari ya yule maiti aliyeletwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akajizuia kumsalia kwa sababu ya dinari tatu alizodaiwa, mpaka Abu Qatada alipozibeba yeye. Twafundisha pia kwamba haki ya asiyekuwa Mwislamu ni haki kama nyingine. Mtume mwenyewe alifariki na deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri. Haya yote twayajua kwa moyo. Na bado, mama watoto alipotuambia "twende Eldoret," tulisema mwaka ujao. Mwaka 2020 ulikuja na korona, hapo tuna udhuru. Mwaka 2021 tulikuwa tukijenga ukuta wa uani. Mwaka 2022 tulisema mji ule una fitina nyakati za uchaguzi, tukakumbusha yaliyotokea huko Januari 2008, watu walipochomewa nyumba na makanisa. Mwaka 2023 hatukumbuki tulisema nini. Yeye hakushindana nasi. Aliacha kulitaja tu, nasi tukadhani amesahau.

Kilichotuondoa ni swali la binti yetu mdogo, aliye na miaka tisa. Alimwuliza mama yake, mbele yetu, je, bibi kule aliko ameshasamehewa yale maziwa?

Barabara ya kutoka Nairobi hupitia Nakuru, kisha hupanda mpaka Timboroa, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,700. Hapo kijana wetu, aliyejigamba tangu Voi kwamba yeye hasikii baridi, alivaa kanzu juu ya fulana na koti juu ya kanzu. Baada ya Burnt Forest nchi ilitanda, tukaona mahindi yameanikwa juu ya maturubai kando ya lami, maili kwa maili. Mama watoto alikuwa amekaa dirishani. Tangu Nakuru hakusema neno. Sasa alianza kututajia majina ya mahali kabla basi halijafika, kama mtu asomaye sura aliyoihifadhi utotoni.

Mji wenyewe una historia inayotuhusu watu wa Mombasa. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka katika bandari yetu, wakapanda reli hadi Nakuru, na kutoka hapo wakaenda kwa magari ya ng'ombe hadi uwanda wa Uasin Gishu. Ardhi ilikatwa mashamba yenye namba, na posta ikawekwa katika shamba namba 64. Ndiyo maana wazee wa Kikalenjin huuita mji Sisibo, yaani "sixty-four" kwa ndimi zao. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, nalo latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mto wa mawe. Mto huo ni Sosiani, nao kweli una mawe. Watoto walirukaruka juu yake hadi mdogo alipotumbukia. Reli ilifika mwaka 1924, na pamoja nayo watu wa kila kabila. Mwezi wa Agosti 2024 Eldoret ilitangazwa kuwa jiji.

Kwa kuwa tulinuia kukaa siku nne kamili mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, hatukupunguza Sala mjini, tulipunguza njiani. Twalitaja hili kwa kuwa tuliulizwa na wengi tuliporejea.

Siku ya kwanza alituongoza yeye. Tulizoea, miaka hii yote, kutembea mbele naye akifuata. Siku hiyo sisi ndio tuliofuata, na tuliona kwamba mwendo wake ni wa haraka kuliko tulivyojua. Alituonyesha shule yake ya msingi, akaingia darasani akakaa katika dawati, magoti yakakwama. Alituonyesha duka la Mhindi kwenye Uganda Road alikonunuliwa blanketi lake la kwanza, la Raymond, kiwanda cha hapo hapo Eldoret. Duka sasa linauza simu. Nyumba yao ya reli ipo, mabati yameiva kutu, na waliomo walitukaribisha chai. Aliomba kuona jikoni. Alisimama mlangoni, mahali chupa ilipowekwa kila jioni, akaweka mkono ukutani, akatoka.

Makaburini tulikwenda baada ya Alasiri. Wanazuoni wamehitalifiana kuhusu mwanamke kuzuru makaburi, na wengi wa madhehebu yetu huliona kuwa ni karaha, si haramu, kwa kuchelea maombolezo. Tulimwachia hiari, naye aliingia kwa adabu. Kaburi la baba yake hatukulitambua. Halikuwekwa jiwe, na aliyejua mahali amekwisha kulala jirani yake. Tuliwatolea salamu wote na kuwaombea wote, na mama watoto akasema hiyo inatosha, baba yake hakupenda kutengwa na wenzake.

Asubuhi ya siku ya tatu tulikwenda stesheni. Haikuwa na msafiri hata mmoja. Palikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyekaa juani. Tulimwamkia tukamtajia yule fundi. Alimtazama mama watoto kwa muda, kisha akasema, "Wewe ni wa karani Mswahili. Yule aliyekuwa akitugawia halua." Fundi amekufa zamani, alisema, na mkewe alirudi nyumbani kwao, Kaptagat. Akatupa namba ya simu ya mtu ajuaye mtu.

Kaptagat ni mwendo wa kilomita ishirini na kitu, katikati ya misitu ya misonobari, na njiani tulipishana na wakimbiaji makundi kwa makundi. Tulipofika katika boma lile mwanamke wa umri wa mama watoto alitoka akijipangusa mikono. Hawakuitana majina. Mmoja alisema "Chamgei," mwingine akajibu "Mising," kisha walishikana, nasi tukageuka kutazama ng'ombe.

Alikuwa binti yake Mama Maziwa, rafiki wa kucheza naye kati ya njia za reli. Mama yake alifariki mwezi wa Machi 2023.

Ndugu msomaji, tulihesabu pale pale. Tungekwenda 2021, badala ya kujenga ukuta, tungemkuta. Tungekwenda 2022, tungemkuta. Mama watoto naye alihesabu, tulimwona. Hakutuambia lolote, wala hajatuambia hadi leo. Alikwenda na mwenzake kwenye kaburi lililo chini ya mti, nyuma ya zizi, wakasimama kimya. Sisi tulikaa kivulini na watoto.

Baada ya chai tulieleza lililotuleta. Tulikuwa tumekwisha kupiga hesabu: eda ya miezi minne na siku 10, kwa mwezi mwandamo, ni siku kama 128, kwa chupa ile ni karibu lita 90. Deni lilikuwa la maziwa, si la shilingi za mwaka 1989 ambazo leo hazinunui kitu, hivyo tuliona salama zaidi kulipa thamani ya maziwa yale kwa bei ya siku hiyo. Dukani tuliambiwa shilingi 60 kwa lita. Jumla 5,400.

Yule dada alicheka hadi akashika kifua. Alisema mama yake hakuwahi kutaja deni. Alichokuwa akitaja ni kwamba mjane Mswahili alikuwa akirudisha chupa ikiwa imeoshwa kwa maji ya moto, na kila Ijumaa ndani yake mna uji wa mchele wenye iliki. "Sasa huo uji nani atawalipa ninyi?" alituuliza.

Hapo tulinyamaza kidogo, kwani hilo la uji mkwe wetu hakulisema. Lakini zawadi ni zawadi na deni ni deni, naye aliyekiri deni ni mwenye deni mwenyewe. Tulimweleza kwamba baada ya mama yake haki hiyo ni ya watoto wake wote, na yeye hawezi kusamehe fungu la nduguze. Alitutazama kama atazamavyo mtu mwenye akili mbele ya msomi, kisha akachukua simu akawapigia mmoja mmoja. Wako wanne kwa jumla. Yeye alisamehe. Kaka yake mkubwa alisamehe, akataka kuzungumza na mama watoto, wakazungumza muda mrefu. Wa tatu, aliye Nakuru, alisema hata kuulizwa jambo hili kumemletea heshima. Wa nne, kitinda mimba, ambaye ana bodaboda mjini, aliuliza fungu lake ni kiasi gani. Akaambiwa 1,350. Akasema, "Mimi nitachukua changu."

Dada yake aliona haya, akaanza kumgombeza kwa Kikalenjin. Tulimzuia. Katika wote wanne huyu ndiye aliyeturahisishia moyo, kwa kuwa ndiye aliyetuacha tulipe. Tulimpelekea 2,000 kwa simu. Mtume alipokopa ngamia mchanga alirudisha aliye bora kuliko yule, na nyongeza isiyoshurutishwa ni wema, si riba. Kijana alituma ujumbe: "Shehe umezidisha." Tukamjibu kwamba hatukuzidisha.

Imepokewa kutoka kwa Bi Aisha kwamba Mtume alikuwa akichinja mbuzi na kuwapelekea nyama rafiki zake Bi Khadija, miaka mingi baada ya Khadija kufariki. Tumeitoa hadithi hii mimbarini mara nyingi, tukiwahimiza waume. Hatukuwahi kujiuliza rafiki zake mke wetu ni nani, na wako wapi.

Tulipoaga, yule dada alitupa kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa na kutiwa mkaa wa mti. Binti yetu mdogo aliona vidoadoa vyeusi akauliza kama ni halali. Tulimwambia ni halali, anywe. Alikunja uso, akanywa, akaomba tena. Kibuyu kilishuka hadi Mombasa juu ya mapaja ya mama watoto, katika basi na katika treni, naye hakukubali kumpa mtu amshikie.

Sasa kimetundikwa jikoni kwetu. Hao wa Kaptagat wameahidi kushuka Idi ya mfunguo mosi, watoto na wajukuu, watu kumi na mmoja. Yule wa bodaboda amepiga simu mara mbili kuuliza kama uji wa iliki utakuwapo.